Atomi Saba Katika Elfu

"Umekula?" Daktari Ludmila Hrušková aliuliza bila kugeuka.

"Nimekunywa kahawa."

"Hiyo si kula, Inspekta. Kaa pale, na usiguse kitu chochote cha njano."

Inspekta Bohumil Vaněček akakaa. Mbele yake kulikuwa na sinia la chuma, na ndani ya sinia vipande vya Bilauri ya Harusi vimepangwa kwa saizi, vikubwa huku, vidogo kule. Alikuwa ameendesha gari kutoka milimani mpaka kwenye taasisi hii ya nyuklia nje ya Prague kwa sababu daktari alikataa kabisa kuongea habari hii kwenye simu.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi. Bilauri ile ilipulizwa mwaka 1843 katika mji wa Skelná Lhota, kioo cha njano chenye ukijani, kimekatwa nakshi ya kulungu wawili na waridi. Mji mzima uliiringia. Picha yake ilikuwa hadi kwenye chupa za bia. Wiki iliyopita mkurugenzi wa jumba la makumbusho, Otakar Plíva, alimwita fundi wa nakshi, Radim Šourek, aje kung'arisha mfuniko. Fundi aliinyanyua bilauri, ikaanguka, ikawa hivi ilivyo. Mkurugenzi alisema fundi ameivunja makusudi, kwa sababu mwezi mmoja kabla walitukanana mbele ya watu baada ya Šourek kunyimwa mkataba. Šourek alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angepelekwa mbele ya hakimu. Kuharibu mali ya urithi wa taifa kwa makusudi ni miaka minane jela. Yeye mwenyewe hakujitetea. Tangu akamatwe alikuwa na jibu moja tu: "Ilikuwa mikononi mwangu. Nimeivunja."

Vaněček hakupenda shina la bilauri. Kioo kikianguka huvunjika ovyo. Shina lile lilikuwa limekatika kwa usafi, kama soseji. Ndiyo maana alituma vipande vipimwe kama vina gundi.

"Gundi ipo," alisema Hrušková. "Ya kisasa, ile inayokauka kwa mwanga. Shina lilikatwa, likabandikwa kwa tone moja dogo. Mtu yeyote angeinyanyua, ingemwachia kitako mezani na bilauri ingeenda chini."

"Vizuri. Sasa mbona hukusema hilo kwenye simu?"

"Kwa sababu hilo ndilo dogo." Akavuta stuli. "Mimi kioo cha njano hakinipiti bila kukipima. Ni ugonjwa wangu. Nikaviweka vipande vyako kwenye kipimo usiku kucha. Unajua rangi hii inatoka wapi?"

"Urani. Kila mtoto wa kule kwetu anajua. Ukiimulika kwa taa ya urujuanimno inawaka kijani."

"Na urani ni nini?"

"Daktari, niko na mtu mahabusu."

"Ndiyo maana nakuuliza. Sikiliza. Jáchymov, kule mpakani, watu walichimba fedha miaka mia tatu. Kila walipokutana na jiwe jeusi zito, fedha ilikwisha. Wakaliita jiwe la mkosi, wakawa wanalitupa. Baadaye mkemia mmoja wa Berlin akapata ndani yake kitu kipya, akakipa jina la sayari iliyokuwa imegunduliwa siku si nyingi. Kwa zaidi ya miaka mia hakikuwa na kazi nyingine ya maana ila kutia rangi kwenye vioo vya babu zako. Kisha wakaja watu wa Paris wakatoa radiamu humo humo. Kisha vita ilipokaribia, Berlin tena, wakagundua kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuka."

"Bomu."

"Bomu, na umeme unaokuwashia hiyo mashine yako ya kahawa. Lakini si urani yote. Iko ya aina mbili, nyepesi na nzito. Kwa mkemia ni kitu kimoja: rangi ile ile, chumvi ile ile, kwenye taa zinawaka sawa. Ila ile nyepesi ukiipiga kwa nyutroni moja inapasuka vipande viwili, inatoa joto, na inarusha nyutroni mbili tatu ambazo zinakwenda kupasua jirani zake. Ile nzito mara nyingi inaimeza nyutroni na kutulia. Ikishameza inageuka polepole kuwa plutoni, lakini hiyo ni hadithi nyingine."

"Na nyepesi ni nyingi?"

"Hapo sasa umeuliza. Chimba Jáchymov, chimba Kongo, chimba Kanada. Katika kila atomi elfu, saba ni nyepesi. Kila mahali, saba. Ndiyo maana Waamerika walijenga viwanda vikubwa kama miji wakati wa vita, wazitenge hizo saba na zile nyingine. Warusi wakafuata. Na ukishachota nyepesi, unabaki na nini?"

Vaněček alivitazama vipande. "Mabaki."

"Milima ya mabaki. Urani iliyokamuliwa, ya mbili au tatu kwa elfu. Haina bei, haina kazi, kwa hiyo viwanda vya rangi na vioo vikauziwa hiyo." Akampa karatasi yenye mchoro wa milima miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi. "Kila aina inatoa mwali wake, nami nahesabu miali. Nilianza na sahani ya bibi yangu, ya kabla ya vita zote mbili. Saba. Nikaweka kifungo cha zamani cha kioo. Saba. Nikaweka bilauri yako."

"Ngapi?"

"Mbili na kidogo."

Inspekta alihesabu kichwani.

"Kwa hiyo kioo hiki hakikupulizwa mwaka 1843," alisema.

"Mwaka 1843 hakukuwa na mtu duniani aliyejua kwamba urani ina aina mbili, sembuse kuzitenga. Kioo hiki ni cha baada ya vita. Hapo sibishani na mtu. Hata na profesa wangu."

* * *

Vaněček alimpigia simu mwendesha mashtaka, mama Dagmar Sýkorová, akiwa bado palepale kwenye taasisi.

"Ni feki," alisema. "Na shina lilikuwa limebandikwa."

Sýkorová alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake.

"Safi sana, Bohumil. Umenirahisishia kazi. Sasa namshtaki kwa wizi."

"Nani?"

"Šourek, nani mwingine? Nani anajua kukata kulungu kwenye kioo? Nani ana gundi ya kioo kwenye karakana yake? Ametengeneza feki, ameibadilisha, ameificha ile halisi, halafu ameivunja feki kufuta nyayo. Nilikuwa na miaka minane, sasa naweza kuomba kumi na miwili."

"Hana ufunguo wa kabati."

"Alikuwa chumbani. Nusu saa ilimtosha. Niletee kitu kingine kabla ya saa nne kesho, la sivyo naenda na hicho."

Vaněček aliweka simu chini. Hrušková alikuwa anakula mkate wenye siagi na vitunguu majani, akimtazama.

"Nimemzamisha, siyo?"

"Kidogo," alisema Vaněček. "Daktari, kioo hiki kinayeyushwa kwenye nini? Jikoni?"

"Acha mzaha. Digrii elfu moja na mia nne. Chungu kikubwa, tanuri la kiwanda, usiku mzima."

"Šourek ana gurudumu la kukatia na sinki. Hana tanuri." Akachukua koti. "Basi kuna mtu alimyeyushia kioo mwenzake. Na kule kwetu, waliowahi kugusa urani baada ya vita nawahesabu kwa kidole kimoja."

* * *

Kidole chenyewe kilikuwa Zdeněk Kopal, aliyekuwa msimamizi wa tanuri katika kiwanda kilichofungwa baada ya serikali ya zamani kuanguka. Aliishi juu ya kiwanda, nyumba ya mbao, mbwa mnene mlangoni. Mkewe, mama Kopalová, aliweka supu ya uyoga mezani kabla mgeni hajakaa.

"Kula kwanza," alisema. "Polisi wembamba siwaamini."

Vaněček alikula. Kisha akauliza: "Mzee Kopal, uliwahi kuyeyusha kioo cha njano baada ya vita?"

"Mara moja. Mwaka themanini na saba. Unga ulitoka Urusi, kwenye makopo ya chuma. Walituambia hauna nguvu tena, umeshakamuliwa, tunaweza kuukoroga hata kwa mkono. Mimi nilikoroga kwa mwiko. Mwenzangu Pepík alikoroga kwa mkono."

"Akapata nini?"

"Mapacha," alisema mama Kopalová.

"Wala hakupata kitu," alisema mzee. "Kwa nini unauliza?"

"Mliyeyusha kwa ajili ya nini?"

"Bilauri. Nakala ya ile ya Harusi. Kulikuwa na maonyesho Osaka, nao waliogopa kuipeleka ya kweli baharini. Wakataka nakala, lakini ya urani kweli, iwake kwenye taa. Wajapani wasije wakasema tumewaletea kioo cha sokoni. Sisi nasi tungeona aibu kutia rangi ya bandia. Huo ungekuwa utapeli."

Vaněček alitoa kalamu. "Nani alikata nakshi?"

"Šourek."

Kalamu ikasimama. Mbwa alikoroma chini ya meza.

"Šourek yupi, mzee?"

"Jaroslav. Marehemu. Baba yake huyo mliyemfunga. Alikata peke yake, mlango umefungwa, maana kazi ilikuwa ya siri ya serikali. Hata mwanawe alikuwa jeshini, hakuona kitu. Alipomaliza akaniambia, Zdeněk, nimeufuata mkono wa mtu aliyekufa mpaka nimeshikwa na baridi."

"Na nani alileta ile halisi mpime?"

"Plíva. Alikuwa bado kijana, msaidizi tu pale makumbusho. Alikuja na baiskeli, bilauri kwenye mkoba umefungwa kwa blanketi. Alikaa karibu na tanuri siku zote, anatoka jasho kama nguruwe, anasema karibuni, karibuni, kana kwamba tanuri ni lake."

"Nakala ikaenda Osaka?"

"Ikaenda. Kisha tukasikia imevunjika njiani ikirudi. Tukasikitika, tukanywa, tukasahau."

Vaněček alifunga daftari. Ushahidi wa mzee mmoja dhidi ya mkurugenzi mwenye tai. Sýkorová angemcheka. Lakini alikuwa amezaliwa bonde lile, na baba yake alibeba makaa kwenye kiwanda kama kile.

"Mzee Kopal," alisema polepole, "tangu lini kiwanda kikapuliza kimoja?"

Kopal alimtazama mkewe. Mkewe alitazama dirisha.

Hakuna tanuri linalopuliza kimoja. Kioo hupasuka kinapopoa, kwa hiyo hupulizwa vitatu au vinne. Kizuri huenda kwa mteja. Kibovu hurudishwa chunguni. Kile cha pili kwa uzuri humwangukia msimamizi mfukoni, na tangu enzi za mababu hakuna mwenye kiwanda aliyewahi kuuliza. Nyumba zote za bonde lile zimejaa vya pili.

"Huo si wizi," alisema Kopal. "Hiyo ni desturi."

"Sijasema wizi."

"Mpe, mzee wangu," alisema mama Kopalová. "Yule kijana ana mke."

Aliifuata mwenyewe kabatini. Bilauri ya njano, haina nakshi, imejaa vifungo. Akavimimina kwenye sahani ya supu, akaifuta kwa aproni yake.

"Nitaipata tena?" aliuliza.

"Utaipata."

"Nawajua ninyi. Andika."

Akaandika. Jioni ile ile gari la polisi liliipeleka Prague, na Hrušková akalala ofisini.

* * *

Simu ya Hrušková ilikuja asubuhi, wakati Otakar Plíva anapanda ngazi za kituo. Vaněček alisikiliza, akasema "asante, nenda kalale," akamfungulia mgeni mlango.

Plíva alikuwa mrefu, nadhifu, mwenye suti ya kijivu. Alikuja na taa yake ya urujuanimno mfukoni bila kuambiwa.

"Nimesikia uvumi kwamba unatilia shaka bilauri yetu," alisema akiketi. "Tuumalize hapa hapa."

"Tafadhali. Koplo ataandika."

Plíva alizima taa ya chumba, akamulika vipande. Vikawaka kijani kikali, kama macho ya paka barabarani.

"Urani," alisema. "Na hii hapa." Alitoa kipimo kidogo cha mionzi, akakisogeza. Kikakwaruza. "Unasikia? Hii haitengenezwi na tapeli wa Prague. Urani ni urani."

"Kwa hiyo hivi ni vipande vya Bilauri ya Harusi. Vyote."

"Vyote. Naweka saini."

"Je, fundi hakuibadilisha pale chumbani? Mwendesha mashtaka anafikiria hivyo."

"Šourek?" Plíva alicheka kidogo. "Niliisimamia kwa macho yangu tangu ilipotoka kabatini mpaka ilipoanguka. Na tazama nakshi hii, masikio ya kulungu haya. Hao mafundi wa siku hizi wanakata vibakuli vya watalii. Mikono ya kukata hivi ilikufa miaka mia iliyopita."

"Koplo, umeandika hilo la mikono? Vizuri. Ufunguo wa kabati?"

"Mmoja. Ninao mimi. Tangu mwaka tisini."

"Hujawahi kumwazima mtu?"

"Kamwe."

"Imewahi kuwepo nakala?"

Hapo Plíva alichelewa, lakini si sana. "Haijawahi."

"Weka saini, tafadhali."

Akaweka, kwa kalamu yake mwenyewe. Vaněček aliivuta karatasi upande wake, akaweka mkono juu yake.

"Mwezi ujao alikuwa aje mtaalamu kutoka Vienna na mashine zake kuipima bilauri. Šourek hakujua. Nilimuuliza. Wewe ulijua, barua yake kwa makumbusho ulijibu wewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ulihitaji ivunjwe, na uivunje kwa mkono wa mtu uliyegombana naye mbele ya watu. Vipande ulituachia kwa sababu uliviamini. Vinawaka, vinakwaruza. Kosa lako si la tapeli, bwana Plíva. Tapeli angetia rangi ya bandia, tukamkamata siku hiyo hiyo. Wewe ulidai urani ya kweli, ukapewa ya kweli. Ila ulipewa makapi ya bomu."

Plíva aliiweka taa yake mezani.

"Urani ya babu zetu ina atomi nyepesi saba katika elfu. Hii ina mbili. Zile tano zilichukuliwa Urusi kabla ya wewe kuja kiwandani na baiskeli. Ile ya pili iliyopulizwa kutoka chungu kimoja na hii tumeipata nyumbani kwa Kopal. Nayo ina mbili. Uchafu ule ule, mchanga ule ule. Wewe umeniandikia hapa kwamba hakuna nakala, ufunguo ni wako peke yako, na Šourek hakubadilisha kitu mbele ya macho yako. Umemtoa jela kwa saini yako. Sasa nisaidie na la pili. Ile halisi iko wapi?"

Mkurugenzi alikizima kile kipimo. Chumba kikawa kimya. Alikaa akiitazama saini yake chini ya mkono wa Vaněček.

"Linz, Austria," alisema mwishowe. "Kwa mtu anayeijua thamani yake."

"Jina na mtaa," alisema Vaněček. "Koplo, karatasi mpya."

* * *

Saa tatu na nusu Sýkorová alisoma karatasi zote mbili akiwa amesimama, akasema neno moja lisiloandikika, akafuta shauri.

Vaněček alishuka mahabusu mwenyewe. Radim Šourek alikuwa amekaa kitandani na koti lake amelivaa, tayari kwa mahakama. Alikuwa na mikono mikubwa, yenye makovu madogo ya kioo, ameificha katikati ya magoti.

"Twende?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nenda nyumbani. Mkeo yuko nje na gari."

"Inspekta, usinichezee. Nimeivunja. Nilihisi ikitoka mkononi."

"Shina lilikuwa limekatwa na kubandikwa kabla hujaingia. Angeinyanyua hata askofu ingeanguka. Na hukuvunja Bilauri ya Harusi. Ile iko Austria, polisi wa kule wameshagonga mlango. Wewe umevunja nakala ya mwaka themanini na saba."

Šourek aliinua kichwa. "Hapana. Mimi nakata kioo tangu nina miaka kumi na mitano. Nakshi ile nimeitazama pale kabatini kila Jumapili. Nimejifunzia kwayo. Hakuna mtu wa leo anayekata vile. Nakala kaikata nani?"

"Jaroslav Šourek."

Fundi alitoa mikono katikati ya magoti, akaitazama.

"Baba?"

"Ukiwa jeshini. Ilikuwa siri, na siri yake aliitunza. Plíva alidanganya kwamba nakala imevunjika, akaibadilisha mwaka tisini. Leo asubuhi ameandika na kuweka saini kwamba mikono ya kukata vile ilikufa miaka mia iliyopita."

"Plíva kaandika hivyo?"

"Kwa kalamu yake. Koplo ni shahidi."

"Kwa hiyo miaka yote hii," Šourek alisema, "maprofesa, wanafunzi, mawaziri, Wajapani na kamera zao... walikuwa wanampiga picha mzee wangu?"

"Na kununua kadi zake za posta."

Šourek akacheka. Alianza kidogo, puani, kisha akacheka mpaka akashika ukuta, mpaka wale wawili wa chumba cha pili wakaanza kugonga mlango wakiuliza kuna nini. Alijipangusa macho kwa kile kiganja chenye makovu, akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Vile vipande," alisema. "Kesi ikiisha, mtavitupa?"

"Ni ushahidi. Baadaye vitakuwa takataka."

"Usitupe hata kimoja," alisema Radim Šourek. "Mimi nina gundi."